Muyaka bin Haji na Wasomaji Wake: Maisha ya Mtunzi na Tatizo la Kufasiri Shairi

1.0 Utangulizi

Muyaka bin Haji wa Mombasa anahesabiwa miongoni mwa watunzi wakubwa wa ushairi wa Kiswahili katika karne ya 19. Inakadiriwa kwamba alizaliwa mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840. Wahakiki wengi wameyaangalia mashairi yake kama hati za historia ya Mombasa, na wengine wameyaangalia kama kilele cha umbuji wa shairi la mishororo minne. Makala hii inayarejea maisha ya mtunzi huyo kwa kuongozwa na swali moja mahususi: msomaji anapolifasiri shairi la Muyaka, maisha ya mtunzi yanampa nini, na hayawezi kumpa nini?

Swali hili haliwahusu wenyeji wa pwani peke yao. Tuchukue, kwa mfano wa kufikirika, mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyezaliwa na kukulia Nyarero, wilayani Tarime, mkoani Mara. Lugha yake ya kwanza ni Kikuria. Kiswahili alichofundishwa shuleni ni Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Kati ya kwao na Mombasa pana zaidi ya kilomita 600, na kati ya wakati wake na wakati wa Muyaka pana takriban karne mbili. Mwanafunzi huyu anapoifungua diwani ya Muyaka hukabiliwa na rai mbili zinazopingana. Rai ya kwanza humwambia kwamba maana halisi ya mashairi hayo anayo mwenyeji wa Mombasa anayezijua habari za mtunzi, kwa hiyo yeye ni mgeni asiye na la kusema. Rai ya pili humwambia kwamba mtunzi amekwisha kufa, na kwamba shairi limebaki mali ya msomaji alifasiri apendavyo.

Hoja ya makala hii ni kwamba rai zote mbili hazitoshelezi, na kwamba ushahidi wa jambo hili umo katika maisha ya Muyaka mwenyewe na katika njia iliyotufikishia mashairi yake.

2.0 Mombasa ya Muyaka

Muyaka alizaliwa katika mji uliokuwa na desturi ya kujitawala. Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani, walikuwa wameshika uliwali wa Mombasa tangu miaka ya 1730. Baada ya Wabusaidi kutwaa madaraka nchini Omani katikati ya karne ya 18, Wamazrui walikataa kuwa chini yao. Hata hivyo, liwali aliyekaa katika Ngome ya Yesu hakuutawala mji kwa nguvu zake peke yake. Wenyeji walikuwa wamejipanga katika Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa kwa upande mmoja na Tatu Taifa, za Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, kwa upande wa pili. Liwali alihitaji ridhaa yao. Katika mji wa namna hiyo, maneno yaliyotungwa vizuri na kusikika barazani yalikuwa na uzito wa kisiasa.

Utu uzima wa Muyaka ulienda sambamba na matukio makubwa ya pwani. Katika mwongo wa pili wa karne ya 19, mwaka utajwao na wanahistoria wengi ukiwa 1812, majeshi ya Mombasa na Pate yalivuka kwenda kuishambulia Lamu na kushindwa vibaya Shela. Masimulizi yanaeleza kwamba maji ya kupwa yaliviacha vyombo vyao mchangani, wakakosa njia ya kurudi. Baada ya vita hivyo, vijulikanavyo pia kwa jina la vita vya Kuduhu, Lamu iliomba himaya ya Seyyid Said wa Omani, na kuanzia hapo Mombasa ikawa na adui mwenye nguvu zaidi. Mwaka 1824 Wamazrui walijiweka chini ya himaya ya Waingereza kwa mapatano na Kapteni Owen, himaya iliyokwisha mwaka 1826. Seyyid Said aliushambulia mji mara kadhaa kuanzia 1828, na mwaka 1837 aliutwaa. Wakuu kadhaa wa Kimazrui walikamatwa na kupelekwa uhamishoni, baadhi yao Bandar Abbas, ambako walifia. Muyaka aliishi miaka ipatayo mitatu tu baada ya anguko hilo.

Muhtasari huu unatosha kuonyesha kwa nini historia haiwezi kuwekwa kando katika kuyasoma mashairi yake. Muyaka alikuwa karibu na Wamazrui, aliuhimiza mji wake ujilinde, na alimpinga Seyyid Said waziwazi katika tungo zake. Msomaji asiyejua kwamba palikuwa na Shela, au kwamba jeshi la wanamaji la Omani lilikuwa tishio la kudumu, atazipita tungo hizo bila kuona zinamlenga nani. Kwa kiasi hicho rai ya kwanza ina ukweli ndani yake.

3.0 Shairi kama neno linalongoja jibu

Pamoja na hayo, tungekosea kudhani kwamba katika uhai wa Muyaka maana ya shairi ilikuwa imekaa tuli kichwani mwa mtunzi. Imeelezwa mara nyingi kwamba mchango wake mkubwa ulikuwa kulitoa shairi katika mazingira ya mafunzo ya dini na kulifikisha sokoni. Alitunga juu ya vita na siasa, na pia juu ya mapenzi, ndoa, ukata, safari za baharini na hulka za watu. Tungo zake nyingi ni fupi, nyingine zikiwa za ubeti mmoja au beti chache. Ufupi huo ulitokana na mazingira ya utendaji. Wasikilizaji walikuwa wakijua tayari nani amegombana na nani, chombo gani kimewasili na habari gani imevuja kutoka ngomeni. Mtunzi hakulazimika kuyaeleza yote hayo. Aliyaacha nje ya shairi, na msikilizaji akayaingiza mwenyewe.

Aidha, sehemu muhimu ya tungo za wakati huo ilikuwa ya kujibizana. Katika ugomvi wa Mombasa na Lamu, mashairi yalivuka bahari pamoja na vyombo. Muyaka na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walipelekeana tungo za mafumbo, na tungo za vita hivyo zimekusanywa na kuhaririwa na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff katika kitabu kilichotoka mwaka 1995. Tuangalie kwa makini kitendo cha kujibu. Aliyepelekewa fumbo alitakiwa kwanza alifumbue, kisha atunge jibu ambalo lingeonyesha kwamba amelifumbua. Jibu lilikuwa fasiri iliyotolewa hadharani. Lakini lilikuwa pia fasiri ya adui, yaani ya mtu mwenye kila sababu ya kulichukua fumbo la mwenzake na kuligeuza upande. Taswira iliyokusudiwa kuwa tishio ingeweza kurejeshwa kama dhihaka, na chombo kilichosifiwa kwa nguvu zake kingeweza kurudishwa kikiwa kimepwelewa. Mtunzi wa kwanza hakuwa na mamlaka ya kulizuia jambo hilo. Silaha pekee aliyokuwa nayo ilikuwa kutunga tena.

Kwa hiyo, hata katika zama za Muyaka, wasikilizaji walioijua lugha yake, mji wake na ugomvi wake hawakuwa wapokeaji watulivu wa maana iliyokamilika. Walikuwa washiriki. Kinachowatofautisha na msomaji wa leo ni kwamba fasiri yao iliwajibika: ilisikika na wengine waliolijua shairi lile lile, na kama haikusimama juu ya maneno ya shairi ilionekana papo hapo kuwa dhaifu.

4.0 Kutoka kinywani hadi hatini

Muyaka alipofariki, tungo zake hazikuacha kuishi. Ziliendelea kukaririwa Mombasa, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni na mtunzi wa mji huo aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya na kuziandika kwa hati za Kiarabu. Alifanya kazi hiyo pamoja na William Ernest Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa mtafiti hodari wa Kimvita, naye akaongezea maelezo juu ya maneno na matukio. Taylor alifariki mwaka 1927, na karatasi zake zikaingia katika hazina ya Chuo Kikuu cha London. Kutokana na karatasi hizo William Hichens alihariri diwani iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alitoa kitabu chake kilichoyapanga mashairi hayo pamoja na tafsiri na maelezo ya historia.

Kila hatua katika safari hii ilikuwa hatua ya kufasiri. Tuanze na hati zenyewe. Katika uandishi wa jadi wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, herufi ya ba iliweza kusimama badala ya b na p. Irabu e na i zilishirikiana alama moja, na vivyo hivyo o na u. Mara nyingi nazali iliyotangulia konsonanti haikuandikwa. Neno moja lililoandikwa kwa namna hiyo laweza kusomwa bata, pata, au mbata, yaani nazi iliyokauka. Msomaji hawezi kutamka neno hata moja kati ya hayo mpaka awe ameamua mshororo unasema nini. Kwa maneno mengine, katika hati hizo kufasiri hakufuati baada ya kusoma. Kufasiri ndiko kunakowezesha kusoma. Taylor alijua tatizo hili, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya ujuzi wa Sikujua uwe wa lazima kwake.

Kisha tuangalie maelezo. Sikujua alikuwa mtu wa mji ule ule, na ushahidi wake una thamani ambayo hakuna mhakiki wa baadaye awezaye kuifikia. Lakini naye alikuwa msomaji. Alikusanya miongo kadhaa baada ya kifo cha mtunzi, wakati Mombasa ilikuwa imekwisha kuwa chini ya Zanzibar. Maelezo yake yanatueleza jinsi shairi fulani lilivyoeleweka Mombasa katika kizazi kilichofuata. Hichens naye, na baada yake Abdulaziz, walilazimika kuamua shairi lipi litangulie na lipi lifuate. Shairi likiwekwa kati ya mashairi ya vita litasomwa kuwa la vita. Shairi lile lile likihamishiwa kati ya mashairi ya unyumba litaanza kuzungumzia wivu na maskani.

5.0 Mzunguko wa maisha na mashairi

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha tatizo. Ukiacha habari za jumla za historia ya Mombasa, sehemu kubwa ya yale tunayoyasema kuhusu Muyaka kama mtu imetokana na mashairi yake na maelezo yaliyoambatana nayo. Tunasema alipata kuwa na shida za fedha kwa sababu yapo mashairi yanayolalamikia ukata. Tunasema aliyajua machungu ya mapenzi kwa sababu yapo mashairi yanayoyaeleza. Baada ya kumjenga mtu huyo, tunarudi kwenye mashairi na kuyaeleza kwa kumtaja: analalamikia ukata kwa kuwa alikuwa fukara, na analia kwa mapenzi kwa kuwa alipendezwa na kukataliwa. Maisha yamejengwa kwa mashairi, kisha mashairi yamethibitishwa kwa maisha. Mzunguko wa namna hii hauongezi maarifa, ingawa unampa msomaji hisia ya kuwa na hakika.

Ushairi wa Kiswahili wenyewe unatupa sababu ya kutahadhari. Malenga aliweza kutunga kwa niaba ya mwingine: mpenzi asiyejua kutunga, mume aliyetaka kumwasa mkewe, au kundi lililotaka kuwajibu wapinzani. Nafsi inayosema mimi katika shairi haikuwa lazima iwe nafsi ya mtunzi. Hadhira ya zamani iliijua desturi hiyo. Msomaji wa kitabu, anayemwona Muyaka kwa jina lake juu ya jalada, huisahau kwa urahisi.

Tatizo hili limejadiliwa pia nje ya Afrika Mashariki. Wimsatt na Beardsley huko Marekani, mwaka 1946, walikataa kuyafanya makusudio ya mtunzi kuwa kipimo cha kuhukumia shairi, na Roland Barthes wa Ufaransa, katika miaka ya mwisho ya 1960, alitangaza kifo cha mwandishi. Kwetu, Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944, alilifanya suala la fasiri ya fasihi na falsafa ya Kiafrika kuwa mada ya tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985. Mijadala hiyo ina manufaa. Lakini kuichukua nadharia ya kifo cha mwandishi na kuitumia kwa Muyaka bila kuipima ni kusahau kwamba nadharia hiyo ilizaliwa kwenye utamaduni wa kitabu, ambamo msomaji husoma peke yake. Fasihi ya Muyaka ilikuwa ya baraza, na barazani hakuna aliyefasiri peke yake.

6.0 Msomaji wa Nyarero

Turudi sasa kwa mwanafunzi wetu. Tuseme amekutana na neno ndoo katika utungo wa Kimvita. Katika Kiswahili sanifu ndoo ni chombo cha kuchotea maji. Katika Kimvita neno hilo laweza kuwa amri ya kuita, yaani njoo. Vivyo hivyo mato ni macho, na nti ni nchi. Akilichukua neno la kuita na kulifanya chombo cha maji, kisha akajenga juu yake hoja kuhusu kiu na kisima, hatuwezi kusema kwamba ametoa fasiri tofauti. Amekosea. Kosa hilo lina dawa: kamusi, sarufi ya lahaja, na mwalimu. Uhuru wa msomaji hauanzi kabla ya hapo.

Tuseme tena kwamba amesoma shairi mashuhuri la Muyaka linaloonya juu ya kimya, kwamba kimya kina nguvu iliyofichika na haifai mtu kukidharau. Msomaji anayeijua historia atafikiria mara moja kimya cha adui anayejiandaa ng'ambo ya bahari. Fasiri hiyo ni ya haki. Mwingine, aliyekulia katika nyumba yenye ugomvi, atafikiria kimya cha mke au mume aliyekwisha kukata shauri. Shairi linaipokea fasiri hiyo pia. Mwanafunzi wa Nyarero ametoka katika nchi ambayo koo zake zimepata kupambana kwa ajili ya mifugo katika vipindi mbalimbali vya karne ya 20. Kwake, kimya chenye kutisha chaweza kuwa kile cha usiku kabla ya zizi kuvamiwa. Je, amekosea kama aliyelifanya neno la kuita kuwa ndoo ya maji?

Jibu letu ni kwamba hakukosea. Maneno ameyaelewa. Tendo la shairi, yaani kuonya dhidi ya utulivu wa juujuu, amelitunza. Alichobadilisha ni mahali ambapo onyo linatua. Jambo hilo ndilo alilofanya mtu wa Mombasa aliyelikariri shairi hilo baada ya 1837, wakati adui wa kwanza alikuwa amekwisha kuingia mjini na onyo limebaki bila mlengwa wake wa zamani. Laiti shairi lingekuwa limefungwa kwa tukio moja, Sikujua asingekuta mtu wa kulikariri.

Isitoshe, mwanafunzi huyu si mgeni katika sanaa ya neno linalolenga. Wakuria wanao iritungu, ala ya nyuzi nane, ambayo mpigaji wake huimba akisifu na kukosoa mbele ya watu wanaomfahamu anayesemwa. Anayeijua hadhira ya namna hiyo anajua kwa uzoefu jambo ambalo msomaji wa mjini hulipata vitabuni: kwamba utungo mfupi huacha mengi nje, na kwamba walioko ndio hujaza. Ujuzi huo haumpi historia ya Mombasa, lakini unampa swali zuri la kuiulizia.

Hata hivyo, akisema kwamba Muyaka mwenyewe alikusudia mizizi ya ugomvi wa mifugo, atakuwa amevuka mpaka. Hapo ametoka katika kulitumia shairi na kuingia katika kumshuhudia mtunzi, na ushahidi hana. Ni kosa lile lile la mhakiki wa pwani anayemshuhudia Muyaka kuwa fukara kwa sababu ya shairi moja la ukata. Tofauti ni kwamba la kwanza hutambuliwa haraka, na la pili hupita kwa sababu linafanana na elimu.

7.0 Hitimisho

Maisha ya Muyaka bin Haji yanaufaa ushairi wake kwa njia mbili. Kwanza, yanatupa lugha, mahali na matukio ambayo bila hayo maneno hayasomeki. Pili, yanatuwekea mipaka: hatuwezi kumbebesha mtu wa Mombasa aliyefariki mnamo 1840 habari za mambo yasiyokuwapo. Nje ya manufaa hayo mawili, maisha hayo hayana uwezo wa kutuamulia maana, kwa sababu kwa sehemu kubwa ni maana hiyo hiyo tuliyokwisha kuisoma na kuipa sura ya mtu.

Katika ufundishaji, jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja. Mtihani unaomtaka mwanafunzi ataje tukio moja lililozaa shairi, na kumnyima alama akitoa fasiri nyingine, unapima kumbukumbu ya utangulizi wa kitabu. Mtihani unaokubali kila jibu nao haupimi kitu. Ingefaa mwanafunzi aulizwe mambo matatu kwa mpangilio: maneno yanasema nini katika lahaja yao, hati na wahariri wamelipitishaje shairi mpaka kumfikia, na shairi linatenda nini ambacho fasiri yake imekihifadhi. Mwanafunzi wa Nyarero anaweza kuyajibu maswali hayo sawasawa na yule wa Mji wa Kale wa Mombasa. Atahitaji kamusi zaidi. Mwenzake wa Mombasa atahitaji kuwa na shaka zaidi juu ya yale anayodhani ameyajua tangu utotoni. Wote wawili watalazimika kuileta fasiri yao barazani, mbele ya wengine waliolisoma shairi lile lile, kama walivyofanya wasikilizaji wa kwanza wa Muyaka.